Kozi ya usalama kwa wawindaji wapya: niende darasani au nimalize mtandaoni?

Baba Tumaini

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa walio huku Marekani, hasa Minnesota na majimbo ya jirani, mnaowinda au mliowahi kupita kwenye ile kozi ya usalama wa uwindaji.

Nina miaka 42. Nimekulia Kenya, na huko uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kabla sijazaliwa. Bunduki nilizozijua ni za askari wa benki na za walinzi wa mbuga, na sijawahi kushika hata moja. Sasa mwanangu wa miaka 13 ana rafiki shuleni, na baba wa huyo rafiki ametualika sote wawili kuwinda kulungu mwezi wa Novemba. Mtoto hazungumzi jambo lingine hapa nyumbani. Ameshajifunza jinsi ya kutofautisha kinyesi cha kulungu na cha sungura, na ananieleza tukiwa mezani.

Nimesoma masharti. Minnesota mtu yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 anahitaji cheti cha usalama wa bunduki ndipo anunue leseni ya kuwinda, kwa hiyo na mimi nimo. Mwanangu kwa umri wake lazima aende akaonekane na mwalimu ana kwa ana. Mimi kwa kuwa ni mtu mzima naruhusiwa kumaliza kila kitu mtandaoni, nipate cheti bila kutoka nyumbani.

Nafanya zamu ya jioni, na darasa lililo karibu ni jioni nne na Jumamosi moja ya uwandani. Itabidi niombe ruhusa kazini, na siku nisizokwenda silipwi. Isitoshe, Kiingereza changu kinatosha kazini, ila mtu akiongea haraka mbele ya darasa napotea. Na nikiwa mkweli, naona aibu kukaa na watoto wa miaka 11 nikifundishwa nao. Nimlete mwanangu, nimngoje kwenye gari, mimi nisome yangu usiku? Au kuna kitu nitakikosa? Naomba walioenda wanieleze walichokiona kule kwa macho yao.

Jirani wa Ziwa

Karibu mkuu. Mimi nilimaliza mtandaoni, usiku tatu mfululizo baada ya watoto kulala. Unasoma sura, unatazama video, unajibu maswali, ukikosea unarudia. Masomo yamepangwa vizuri na unaweza kusimamisha video utafute neno usilolielewa, jambo ambalo darasani huwezi. Nawinda bata mzinga wa mwituni na kindi mwaka wa tatu huu, salama salimini. Kama muda ni tatizo, usijitese. Kitabu ni kile kile.

Mama Rehema

Kaka Baba Tumaini, pole na majukumu. Nimetoka zamu ya usiku, nikasoma swali lako, nikaona siwezi kulala kabla sijakujibu, maana miaka tisa iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo.

Jirani wa Ziwa amesema kweli kwamba kitabu ni kile kile. Na mimi nilianza na sura za mtandaoni, nikazipita zote. Nilijua kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, hata kama umeifungua mwenyewe sasa hivi. Nilijua mtutu hauelekezwi kwa mtu, kidole hakigusi kifyatulio mpaka umeshaamua kupiga, na lazima ujue unachokipiga na kilicho nyuma yake. Ungeniamsha usingizini ningekutajia zote nne. Kisha nikaenda ile Jumamosi ya uwandani.

Walikuwa wamesimamisha uzio wa waya, nyaya tatu, nguzo mbili. Tukapewa bunduki za mafunzo, zile ambazo pini yake imetolewa haziwezi kufyatuka, tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa miaka 12. Zoezi ni kuvuka uzio: wote mnatoa risasi na kuacha chemba, pale risasi inapokaa, wazi, mmoja anashika bunduki zote mbili mwenzake avuke, halafu mnapokezana. Nikafungua chemba, nikachungulia, nikatia kidole kuhakikisha ni tupu. Mpaka hapo vizuri. Nikageuka nimpe yule binti bunduki yangu, na nilipogeuka, mtutu ukageuka pamoja nami. Ukapita kifuani kwake, ukapita kwa mwalimu, ukaishia magotini kwa mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akimsubiri mjukuu wake.

Wallahi sikuona. Macho yangu yalikuwa kwenye waya, nawaza suruali isinase. Mwalimu hakupaza sauti. Alishika mtutu kwa vidole viwili, akauelekeza kwenye nyasi mahali pasipo na mtu, akaniuliza, “Umempitia nani?” Nikamjibu sijampitia mtu. Yule binti akasema polepole, “Mimi.”

Kaka, neno lile ninalo mpaka leo. Sheria niliijua, na nimejibu mtihani wake sawasawa, lakini mikono yangu ilikuwa haijaijua bado, na nikiwa peke yangu sebuleni hakuna ambaye angeniambia. Mwalimu akanirudisha mwanzo. Akanifundisha nianze na miguu: nisimame, bunduki ibaki inatazama kule kule, nizungushe mwili chini yake, ndipo nimkabidhi mwenzangu. Na anayepokea asiposema “nimeshika”, unayetoa huachii. Tukavuka uzio ule mara tano. Mara ya tano yule binti ndiye aliyeniambia, “Sasa sawa.”

Halafu ikaja habari ya risasi. Mzee mmoja wa kujitolea alitoa mbili mfukoni, za zile bunduki za marisawa, zinazotawanya chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Moja nyekundu ya geji 12, nyingine ya njano ya geji 20. Geji, kipimo cha tundu la mtutu, inasomwa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Akachukua mtutu mtupu wa geji 12 akatumbukiza ile ya njano. Ikateleza, ikapita chemba, ikakwama mbele kidogo. Akatupatia mtutu tuchungulie kwa nyuma mmoja mmoja. Mtu mwenye haraka ataona weusi tu, atadhani bunduki ni tupu, atatia ya geji 12 nyuma yake. Akifyatua, mlipuko unakutana na kizuizi na chuma kinapasuka pale pale mkono wa mbele unaposhika. Alikuwa na kipande cha mtutu uliopasuka hivyo, tukakipitisha mkono kwa mkono. Kingo zake zimekunjuka nje, kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za njano, uzione upesi zikichanganyika mfukoni. Tangu siku ile koti langu moja hubeba aina moja tu ya risasi, na nikirudi nyumbani nazitoa zote mfukoni kabla sijalitundika. Tope na theluji nazo huziba mtutu vile vile. Ukianguka porini, unatoa risasi na kuchungulia kabla ya kuendelea.

Kuna zoezi la vidole gumba ambalo naomba ulifanye na kijana wako hata leo. Simama, tazama kitu kimoja mbali mbele yako. Nyoosha mikono kushoto na kulia, gumba juu. Bila kugeuza macho, rudisha mikono mbele taratibu mpaka uone gumba zote mbili vizuri. Hapo umebaki na pembe ya digrii 45 hivi. Mkitembea watatu sambamba kutafuta ndege, hilo ndilo eneo lako la kupiga, na mnyama akitoka humo akaingia kwa mwenzako, si wako tena. Wa katikati ana eneo jembamba la mbele peke yake. Tulitembezwa nyasini sote kwenye mstari, mwalimu anarusha visahani vya udongo bila kutuambia upande gani, nasi tunapaza sauti “changu” au “si changu”. Hakuna aliyepiga. Nilidhani ni rahisi. Kisahani kikiruka, shingo na mabega yanakifuata yenyewe, na bunduki inafuata mabega.

La mwisho lilinikalia zaidi, ni njia ya msituni yenye vibao vya wanyama. Unatembea na mwalimu, ukiona kibao unasema kama ungepiga, na kwa nini. Kimoja kilikuwa kulungu dume, ubavu wote wazi, umbali mzuri. Tukasema tunapiga. Mwalimu akatuomba tusogee hatua tatu kushoto. Nyuma yake vichakani palikuwa na fulana ya rangi ya chungwa, ile wanayovaa wawindaji waonekane, imetundikwa tawini. Kingine alisimama juu ya kilima, nyuma yake mbingu tupu, na risasi ikimkosa hakuna udongo wa kuizuia. Risasi ndogo ya .22, ambayo watu huiona ya kuchezea, huweza kwenda zaidi ya maili moja, na zile za kulungu huenda mbali kuliko hapo. Huko juu kilimani hujui kuna nyumba ya nani upande wa pili. Na ile darubini iliyo juu ya bunduki si ya kutazamia vitu. Ukiitumia kumwangalia mtu uone ni nani, umeshamwelekezea mtutu. Beba darubini ya mkononi.

Nisikufiche kuhusu madungu pia. Huku kulungu huviziwa kutoka juu ya mti, kwenye kiti au jukwaa dogo, kama dungu la kuamia ndege shambani. Wengi wanaogopa risasi, lakini kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa mambo yanayowaumiza wawindaji sana, hasa wakati wa kupanda, wa kushuka, na wa kuhama kutoka ngazini kuingia kitini. Tulivishwa ule mkanda wa mwili mzima, wa mabega, kifua na mapaja, tukafungwa kwenye kamba ya mtini kuanzia chini. Unapanda viungo vitatu vimeshika daima, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Bunduki haipandi na wewe. Inabaki chini, imetolewa risasi, mtutu ukitazama chini, unaivuta kwa kamba ukishakaa na kujifunga. Kisha mwalimu akaniambia niachie miguu nining'inie kidogo. Baada ya muda mfupi tu mikanda ya mapaja ilianza kubana damu, nikahisi miguu inakufa ganzi. Akanionyesha kitanzi kidogo cha kukanyaga, cha kusimamia ukisubiri msaada, maana kuning'inia bila kusogea kunaweza kuua hata kama hujaanguka chini. Mimi nafanya kazi ya kuuguza wazee, habari za damu kukwama miguuni nazijua. Hata hivyo nilikuwa sijaziwaza juu ya mti, mpaka zilipokuwa mapajani mwangu.

Aibu ya kukaa na watoto naielewa. Nilikuwa mwanamke peke yangu mzima mle ndani, na mweusi peke yangu. Jioni ya kwanza nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Jioni ya pili yule binti alikuja kukaa karibu nami kwa kuwa baba yake alichelewa. Watoto wale hawakucheki, wana hamu ya kufaulu kuliko wewe. Na kuna jambo moja kwa upande wako ambalo mimi sikuwa nalo: mwanao atakuwa mle ndani. Mtakapokuwa porini, wewe ndiye utakayemwambia “mtutu”. Kama yeye amefundishwa mbele ya mwalimu na wewe umesoma kwenye simu, nani atamwona mwenzake anapokosea? Nenda naye, kaka. Ombeni ruhusa zile siku.

Jirani wa Ziwa

Mama Rehema, nimesoma kwa utulivu. Hilo la uzio sikuwahi kulifanyia mazoezi hata mara moja, na nyaya navuka kila msimu. Nimeuliza kwa jimbo langu, nimeambiwa mtu mwenye cheti tayari anaweza kuhudhuria siku ya uwandani akipenda. Nitajiandikisha.

Fundi Seremala

Salamu kwenu. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kufundisha kozi hizi, jimbo la jirani na Minnesota, mwaka wa sita sasa. Mama Rehema amemaliza mengi, niongeze ya upande wa mwalimu.

Kiingereza kisikuzuie. Njoo nusu saa kabla jioni ya kwanza, mwambie mwalimu wazi kwamba ukisemeshwa haraka unapotea. Mimi mtu akiniambia hivyo namweka mbele, na kila amri ya uwandani namwonyesha kwa mkono pia. Mtihani wa maandishi ni wa kuchagua majibu, na mara nyingi mwalimu akiombwa mapema anaweza kumsomea mtu maswali. Ila kuna neno moja lazima ulijue vizuri kuliko yote, nalo ni amri ya kusimamisha kufyatua pale uwanja wa shabaha. Mtu yeyote aliyepo ana haki ya kuipaza, hata mtoto. Ikisikika, kidole kinatoka, chemba inafunguliwa, bunduki inawekwa chini, unarudi nyuma. Muulize mwalimu inavyotamkwa, uirudie naye mpaka uizoee.

Kuhusu kufeli: tunayemrudisha nyumbani huwa si yule aliyekosea swali la aina ya bata. Ni yule ambaye mtutu wake unatangatanga na akiambiwa anakasirika. Mama Rehema alikosea akarekebishwa akarudia mara tano. Huyo ndiye mwanafunzi tunayemtaka. Baba anayekasirika mbele ya mtoto wake ananipa wasiwasi zaidi.

Jambo lingine ambalo Waswahili wenzangu hawaambiwi. Kama una uraia au kadi ya kijani, sheria ya taifa haikuzuii kushika bunduki kwa sababu ya uhamiaji. Lakini walio na viza za muda, za wanafunzi, za kazi, za matembezi, sheria ya taifa inawakataza kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Asiye na vibali vyovyote amekatazwa kabisa. Mwenye viza aongee na wakili wa uhamiaji kabla hajagusa hata bunduki ya rafiki pale uwanja wa shabaha. Nimemwona kijana mzuri akijiingiza kwenye matatizo kwa picha moja aliyoituma kwa ndugu zake.

Na yupo atakayekuambia Minnesota wana kibali cha mwanagenzi, cha kumruhusu mtu awinde bila cheti akiwa na mtu mzima mwenye leseni. Ni kweli kipo, na mtu anaruhusiwa kukitumia misimu miwili tu maishani. Hakuna ubaya nacho. Lakini wewe una miezi kadhaa mbele yako, na yule mzee aliyewaalika atakuwa na watoto wawili wa kuwaangalia siku ile. Usimwongezee wa tatu.

Watu huuliza nani anayelipia haya yote, kwani ada ni ndogo. Sisi walimu wengi tunajitolea. Sehemu kubwa ya fedha za mafunzo na za kutunza wanyama inatokana na sheria iliyosainiwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1937: kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi linalouzwa lina ushuru wa asilimia 11 ndani yake kabla halijafika dukani, na fedha hiyo inagawanywa kwa majimbo. Jimbo la kwanza kulazimisha mafunzo kwa wawindaji wapya lilikuwa New York, mwaka 1949. Cheti utakachopata hapo Minnesota majimbo mengine hukitambua, kwa hiyo ni kazi ya mara moja. Kitunze tu kisipotee.

Baba Tumaini

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya. Nilisoma ya Mama Rehema nikamwita kijana tukasoma wote, nikimtafsiria pale anapokwama. Tulifanya lile zoezi la gumba sebuleni. Yeye aliona gumba zake mapema kuliko mimi, akanisahihisha.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi wangu aliponiuliza ya nini nikamweleza, kumbe naye baba yake alikuwa akifundisha kozi hiyo hiyo. Amenibadilishia zamu nne, ile Jumamosi tu ndiyo sitalipwa. Tumejiandikisha wawili, mimi na Tumaini, tunaanza wiki ya pili ya Agosti.

Nimebaki na maswali mawili. Yule mwenyeji wetu amesema atamwazima mtoto bunduki, lakini ni ya mtu mzima, na Tumaini bado ni mdogo wa umbo. Na hili la pili ndilo linaloninyima usingizi kidogo. Mtoto akimpiga kulungu na asianguke pale pale, tunafanya nini? Sitaki ajifunze kumwacha mnyama akiteseka msituni.

Mama Rehema

Alhamdulillahi, nimefurahi sana.

La bunduki kwanza. Usikubali yenye kitako kirefu, ile sehemu ya nyuma inayoegemea begani. Mwambie mwenyeji ahakikishe haina risasi, kisha Tumaini ashike mshiko wa kitako na kiwiko akikunje, kitako kitulie ndani ya kiwiko. Kidole kikifika vizuri kwenye kifyatulio, inamfaa. Kikipungukiwa, kitako ni kirefu, atailaza mbali na bega na mateke yake yatampiga shavuni, na mtoto aliyepigwa mara moja huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Zipo zenye vitako vifupi vya vijana, mwalimu wenu atakuwa nazo mbili tatu uwanjani ajaribu. Na vifuniko vya masikio avae tangu risasi ya kwanza, hata kama wengine hawakuvaa.

Hilo la kulungu, nimefurahi kwamba ndilo linalokunyima usingizi. Mengi yanaamuliwa kabla ya kufyatua. Afundishwe kusubiri mnyama ageuke ubavu, au awe ameelekea mbele kidogo akiwapa mgongo kwa mshazari, alenge nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Hapo ndipo moyo na mapafu yalipo. Akiwa anawatazama uso kwa uso, mwache apite. Akikimbia, mwache apite.

Akishapiga, kaeni kimya palepale. Tazama saa. Kariri mti wa mwisho ulipomwona. Ngojeni nusu saa, maana akifuatwa mapema huamka na kukimbia mbali na majeraha yake, akiachwa hulala karibu. Kisha nendeni mahali aliposimama, mpige magoti mtazame damu. Ikiwa nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo, ni mapafu, hayuko mbali. Ikiwa nzito ya rangi nyekundu iliyokolea, ni ini, ngojeni zaidi. Mkiona ukijani au harufu ya tumbo, rudini nyuma kimya kimya, mngoje saa nyingi, mwiteni na mwenyeji wenu. Funga utepe wa karatasi tawini kila mnapoona tone, ili mkigeuka nyuma muuone mstari alikoelekea. Kulungu wangu wa kwanza nilimfuata hivyo, matone saba kwa saa mbili, usiku umeshaingia, nikiwa na tochi na yule mwalimu wa uzio aliyekuja baada ya kumpigia simu. Tulimkuta chini ya msonobari, amejikunja kama amelala. Sikuweza kusema neno kwa muda. Mwalimu akavua kofia, akanisubiri nimalize.

Fulana na kofia za rangi ya chungwa nunua zenu wawili, usiazime. Msimu wa bunduki Minnesota sheria inataka kofia na nguo ya nje ya juu ya kiuno, ukiacha mikono yake na glavu, ionekane kwa rangi hiyo au ile ya waridi kali. Kulungu haioni kama tunavyoiona sisi, watu wanaiona. Mnunulie Tumaini kubwa kidogo, maana Novemba atavaa koti zito ndani yake.